Hakuokolewa, Hajafufuka: Ushuhuda, Maombolezo na Lugha ya Tumaini la Kikristo katika Ukanda wa Dhahabu wa Shinyanga na Geita

IKISIRI

Makala haya yanahakiki tanzu mbili za usemi wa Kikristo, yaani ushuhuda na maombolezo, kwa kuchunguza jinsi kila mmojawapo unavyomwezesha au kumzuia mwamini kusema juu ya maombi ambayo hayakujibiwa. Muktadha wa uhakiki ni ukanda wa uchimbaji wa dhahabu katika mikoa ya Shinyanga na Geita. Matini zinazochambuliwa ni simulizi ya maafa ya mgodi wa Nyangalata ya mwaka 2015, Zaburi ya 88, sura ya 28 ya Kitabu cha Ayubu, pamoja na riwaya mbili za waandishi wa Ukerewe: ile ya Aniceti Kitereza iliyochapishwa mwaka 1980 na *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971. Uchambuzi unaongozwa na uhakiki wa umbo ulioasisiwa na Hermann Gunkel na kuendelezwa na Claus Westermann na Walter Brueggemann. Hoja kuu ni kwamba ushuhuda, kwa umbo lake, hauna nafasi ya mtu ambaye ombi lake lilikataliwa, na kwamba maombolezo ndiyo yanayompa nafasi hiyo bila kumtoa katika imani. Inaoneshwa pia kwamba sarufi ya Kiswahili yenyewe, hasa tofauti kati ya ukanushi wa *-ku-* na ule wa *-ja-*, inatoa nyenzo ya kulieleza tumaini hilo kwa uaminifu.

1.0 Utangulizi

Tarehe 5 Oktoba 2015 kulitokea maporomoko katika mgodi wa wachimbaji wadogo wa Nyangalata, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga. Wachimbaji sita walikwama chini ya ardhi. Tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41, watano kati yao walitolewa wakiwa hai. Walikuwa wameishi kwa kula mizizi, wadudu na vyura, na kwa kunywa maji yaliyopenya kwenye udongo. Katika muda huo nchi ilipiga kura tarehe 25 Oktoba na Rais mpya akaapishwa tarehe 5 Novemba, wao wakiwa gizani. Mtu wa sita alifia humo humo.

Habari hiyo ilienea duniani kote, na neno lililoambatana nayo mara nyingi lilikuwa “muujiza”. Neno hilo halikukosewa. Siku 41 chini ya ardhi ni jambo linalozidi matarajio ya kila mtu aliyewahi kushuka duarani. Hata hivyo, msomaji anayezingatia usimulizi ataona uwiano usio sawa: watano wanapewa kisa chenye mwanzo, kati na mwisho, na wa sita anapewa sentensi moja. Sentensi hiyo huwekwa mwishoni, kisha simulizi hurudi haraka kwa walio hai.

Imani za watu hao sita si suala la makala haya. Kinachohojiwa ni umbo la simulizi lenyewe na jinsi linavyofanana na umbo la usemi ulio maarufu katika makanisa ya ukanda huu. Ikiwa familia sita zinasali kwa siku 41 na tano zinapokea walichoomba, ni lugha gani inayobaki kwa ile ya sita? Je, lugha hiyo inaweza kuwa lugha ya imani, au ni lugha ya mtu aliyekwisha kutoka nje ya imani? Swali hili si la nadharia tupu kwa mikoa ambayo maelfu ya watu wake hushuka mashimoni kila siku. Migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu, iliyoanza uzalishaji mwaka 2000 na 2001, ina mitambo na taratibu zake za usalama. Kando yake yapo maduara yanayoshikiliwa kwa matimba, na kila msimu wa mvua huja na hofu yake.

2.0 Kiunzi cha Nadharia

Mwanzoni mwa karne ya 20 Gunkel alionesha kwamba zaburi zinaweza kuainishwa kwa kuangalia umbo na mahali zilipotumika katika maisha ya jamii. Kwa mtazamo huo, zaburi ni usemi wenye kazi maalumu: kusifu, kushukuru, kulalamika, kufundisha. Zaidi ya theluthi moja ya Zaburi huhesabiwa kuwa maombolezo, ya mtu mmoja au ya taifa. Westermann aliendeleza hoja hiyo kwa kuchambua viungo vya ombolezo: wito kwa Mungu, malalamiko, ombi, tamko la kutumaini, na ahadi ya kusifu. Alisisitiza kwamba ombolezo la Biblia kwa kawaida husogea kutoka malalamiko kuelekea sifa.

Brueggemann, katika kitabu chake cha mwaka 1984 kuhusu ujumbe wa Zaburi, alipanga zaburi katika hali tatu: utulivu, mvurugiko, na utulivu mpya. Mchango wake mkubwa kwa makala haya ni onyo lake kwamba jumuiya inayoimba utulivu tu, huku watu wake wakiishi katika mvurugiko, hupoteza kitu cha thamani. Inapoteza uwezo wa kusema ukweli mbele ya Mungu, na hatimaye hata sifa zake huwa nyepesi.

Nadharia hii inafaa kwa sababu inaunganisha umbo na maisha. Haimuulizi mhakiki kama anaamini au haamini. Inamtaka aoneshe umbo fulani la usemi linawezesha nini na linazuia nini. Hapa inaongezwa nyenzo moja ambayo wataalamu hao hawakuihitaji, nayo ni njeo na hali za kitenzi cha Kiswahili, kwa kuwa waamini wanaozungumziwa husali na kushuhudia kwa Kiswahili.

3.0 Ushuhuda kama Utanzu wa Fasihi Simulizi

Ushuhuda haujachunguzwa vya kutosha kama utanzu, ingawa una sifa zote za utanzu wa fasihi simulizi. Una fanani na hadhira. Una fomula ya kufungulia: fanani husema “Bwana Yesu asifiwe” na hadhira hujibu “Amina”. Una wakati wake katika ibada na una msuko unaotambulika: shida, maombi, majibu, sifa. Hadhira huijua njia hiyo kabla fanani hajafika mwisho, na furaha yake inatokana na kuiona ikitimia tena.

Kisarufi, ushuhuda huegemea *-li-* na *-ka-*. Fanani husema alikuwa mgonjwa, akaomba, Mungu akatenda. Kiambishi *-ka-* hufanya kazi kubwa hapa. Kwa asili huonesha kwamba tendo moja lilifuata jingine. Lakini katika masikio ya hadhira, kufuatana huko hugeuka kuwa usababishi: nikaomba, *kwa hiyo* akatenda. Neno “kwa hiyo” halitamkwi, ila msuko mzima unalibeba. Ndipo hutokea tatizo kwa msikilizaji aliyeomba vilevile na ambaye kwake hakuna *-ka-* iliyofuata. Msuko unamlazimisha atafute kasoro katika tendo la kwanza. Pengine hakuomba vizuri, pengine imani yake ilikuwa ndogo, pengine kuna dhambi iliyofichika. Fanani hakukusudia kumhukumu mtu yeyote, na hukumu hiyo imezaliwa na umbo peke yake.

Haifai kuudharau ushuhuda kwa sababu hiyo. Zipo zaburi za shukrani, kama vile ya 30 na ya 116, ambazo kwa umbo ni ushuhuda kamili. Mtu aliyetolewa shimoni ana haki, na hata wajibu, wa kusema. Mwishoni mwa Januari 2017 wachimbaji 15, mmoja wao raia wa China, walikwama katika mgodi wa Nyarugusu mkoani Geita na wote wakatolewa salama baada ya siku chache. Katika tukio kama hilo ushuhuda unatosha, kwa sababu haumwachi mtu yeyote nje.

Tofauti inaonekana katika ajali ya kivuko cha MV Nyerere, kilichozama tarehe 20 Septemba 2018 karibu na kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Zaidi ya watu 220 walikufa. Siku mbili baadaye fundi wa kivuko hicho alipatikana akiwa hai ndani yake. Shangwe ya kupatikana kwake ilikuwa ya haki. Lakini ukingoni mwa maji hayo hayo walisimama watu waliokuwa wameomba jambo lile lile na ambao sasa walikuwa wakitambua maiti. Ushuhuda ukiachwa uwe utanzu pekee wa Jumapili iliyofuata, mmoja atasimama mbele kusema na mamia watabaki kwenye viti bila utanzu.

4.0 Shimo katika Zaburi ya 88 na Ayubu 28

Biblia ya Kiswahili inatumia neno “shimo” kwa kaburi, kwa kuzimu na kwa mahali pa hatari pasipo na njia ya kutokea. Yusufu alitupwa shimoni na nduguze. Yeremia alishushwa katika shimo lenye matope. Kwa msomaji wa Kahama au Nyarugusu neno hilo linabaki na uzito wake wa kawaida. Shimo ni mahali mtu anapofanyia kazi.

Zaburi ya 88, ambayo kichwa chake kinamtaja Hemani Mwezrahi, imejaa taswira hizo. Mwombaji anajieleza kama mtu aliyewekwa chini kabisa, mahali pa giza, pa kina, amefungwa asiweze kutoka. Rafiki zake wametengwa naye. Ameomba mchana na usiku, ameomba tena asubuhi. Hoja ya pekee ya zaburi hii iko katika umbo lake. Maombolezo mengi, kama Westermann alivyoonesha, hugeuka kabla ya kwisha. Malalamiko hufika mahali yakawa tamko la kutumaini. Zaburi ya 88 haigeuki. Inaishia gizani. Haina mstari wa kumtuliza msomaji wala habari ya kuokolewa, na waliokusanya kitabu hawakuuongeza mstari huo.

Hata hivyo, zaburi hiyo inaanza kwa kumwita Mungu kuwa ni Mungu wa wokovu, na tangu mwanzo hadi mwisho kila lalamiko linaelekezwa kwake katika nafsi ya pili. Mwombaji hasemi *juu ya* Mungu. Anasema *na* Mungu. Hapo ndipo ilipo imani ya zaburi hii. Haimo katika maudhui ya matumaini, kwa kuwa hayo karibu hayapo, bali imo katika nafsi ya kitenzi. Anayesema “umeniweka” bado yuko katika uhusiano. Anayesema “ameniweka” ameanza kugeukia hadhira nyingine.

Kitabu cha Ayubu kinafikia jambo hilo kwa njia tofauti. Katikati ya mabishano makali kati ya Ayubu na rafiki zake, sura ya 28 inaleta shairi kuhusu wachimbaji wa madini. Linaeleza jinsi binadamu anavyotafuta fedha, dhahabu, chuma na shaba. Anavyoukomesha utawala wa giza kwa kupeleka nuru chini. Anavyoning’inia mbali na watu katika mahali pasipokanyagwa na mnyama wala kuonwa na jicho la ndege. Sura hiyo yaonekana kuwa ngeni katika kitabu cha mateso. Wafafanuzi wengi wameiona kama kituo cha mapumziko kati ya mabishano.

Ikisomwa kutoka ukanda wa dhahabu, sura hiyo haionekani tena kuwa mapumziko. Shairi linamsifu mchimbaji kwa ujasiri wake, kisha linauliza hekima inapatikana wapi. Vilindi vinakana kuwa nayo na bahari inakana vilevile. Dhahabu ya Ofiri haiwezi kuinunua. Mtu anaweza kushusha taa mpaka chini kabisa na kuona jiwe lenye thamani, na bado asione sababu ya mwenzake kufa na yeye kupona. Shairi halimlaumu kwa kutoijua sababu hiyo, kwa kuwa halikuiweka katika ardhi anayoichimba.

Uamuzi huu wa kishairi una uzito kwa sababu rafiki za Ayubu walidai kuijua sababu. Mantiki yao ilikuwa ile ile ya *-ka-*: ulitenda, ukapata. Mwishoni mwa kitabu Mungu anawakasirikia wao, wala si Ayubu aliyepiga kelele, na anasema kwamba Ayubu ndiye aliyenena ipasavyo. Kwa hiyo kitabu kinahesabu lalamiko kuwa usemi sahihi juu ya Mungu na kinahesabu maelezo mepesi ya mateso kuwa kosa linalohitaji dhabihu.

5.0 Lini? Kitereza, Kezilahabi na Ombi Lisilojibiwa

Fasihi ya Kiswahili ya Kanda ya Ziwa ina mfano wake wa swali hili katika maisha na kazi ya Aniceti Kitereza. Alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, akasoma seminari ya Rubya, akarudi kufanya kazi na wamisionari huko Kagunguli. Alimwoa Anna Katura. Hawakubaki na mtoto hata mmoja. Katika jamii iliyopima ndoa kwa uzazi, na ambamo kuoa mke wa pili kulikuwa suluhisho la kawaida, Kitereza alibaki na mke huyo mmoja.

Katika miaka ya 1940 aliandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ambayo baadaye aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili: *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*. Mswada ulisubiri kwa zaidi ya miaka 30. Tanzania Publishing House iliuchapisha mwaka 1980, na mwandishi alifariki mwaka 1981 kabla hajakishika kitabu chake.

Riwaya hiyo inahusu mume na mke wasio na watoto. Ndugu za mume wanamsimanga Bugonoka, na wazazi wake wanakuja kumchukua. Myombekere hatafuti mke mwingine. Anakwenda kwa wakwe, anakubali faini ya pombe, anamrudisha mkewe, na wawili hao wanaendelea kutafuta tiba mpaka wanapata mtoto wa kiume na wa kike. Ni ulimwengu wa kabla ya wamisionari; Kanisa halimo. Mwandishi Mkatoliki anawapa wahusika wasio Wakristo jibu ambalo yeye na mkewe hawakulipata.

Msomaji angeweza kulieleza jambo hili kwa haraka kuwa ni ndoto ya mtu aliyekosa. Uhakiki wa aina hiyo hautoshi, kwa sababu majina ya watoto yanaukataa. Katika Kikerewe jina Ntulanalwo linabeba fikra ya mtu anayeishi na kifo siku zote, na Bulihwali ni swali: huzuni itakoma lini? Watoto waliongojewa kwa miaka mingi hawaitwi Furaha wala Majibu. Wanaitwa kwa majina ya maombolezo. Jibu limekuja, lakini halijafuta kumbukumbu ya miaka ya kungoja, wala halidai kwamba kifo kimeondoka nyumbani. Kila mara mama anapomwita binti yake, anauliza tena swali la zaburi: hata lini?

Kwa namna hiyo Kitereza ameunganisha tanzu mbili ambazo ibada ya leo imezitenganisha. Msuko wa riwaya ni wa ushuhuda, na majina ni ya maombolezo. Aliye na mtoto anaweza kuusoma msuko na kushukuru. Asiye na mtoto, kama mwandishi mwenyewe, ana mahali pa kusimama ndani ya majina. Kupokea hakukanushi swali, na kukosa hakukanushi uaminifu. Uthabiti wa Myombekere kwa Bugonoka unaanza kabla ya mtoto kuzaliwa, na thamani yake katika riwaya haitegemei kuzaliwa huko.

Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo katika kisiwa hicho hicho mwaka 1944 na kupitia malezi ya seminari, alilitazama jambo hili kwa ukali zaidi. *Rosa Mistika* imechukua jina lake kutoka litania ya Bikira Maria. Regina, mama wa Rosa, ni mwanamke mpole na mvumilivu katika nyumba ya mume mlevi na mkatili. Jina la binti ni sala, na maisha ya binti yanakwenda kinyume cha sala hiyo mpaka anajiua. Hakuna *-ka-* ya wokovu. Hata hivyo, riwaya haiishii kaburini; inaendelea hadi mbele ya Mungu, ambako lawama kati ya mzazi na mtoto zinawekwa wazi. Wahakiki wengine wameiona sehemu hiyo kuwa nyongeza isiyolingana na uhalisia wa sura zilizotangulia. Kwa mtazamo wa makala haya, ni sehemu ya lazima ya umbo. Malalamiko ambayo hayakusikilizwa nyumbani, shuleni wala kanisani yanahitaji mahakama, na mwandishi hakuona nyingine yenye uwezo wa kuyasikiliza. Anayewapeleka wahusika wake kulalamika mbele ya Mungu, hata kama ana mashaka makubwa, bado anaitumia sarufi ya Zaburi ya 88.

6.0 Nani? Huzuni Iliyokosa Lugha

Umuhimu wa hoja hii hauishii kwenye ibada. Kwa miaka mingi mikoa ya Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Geita zikiwemo, imebeba aibu ya mauaji ya wanawake wazee waliotuhumiwa uchawi. Wengi wametambuliwa kwa macho mekundu, ilhali macho hayo yamewekundishwa na moshi wa miaka mingi jikoni. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 yaliongezeka mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, yakihusishwa na imani za kupata utajiri, pamoja na bahati ya madini. Shule ya Buhangija mjini Shinyanga ikawa kimbilio la watoto waliohofiwa kuuawa. Januari 2015 Serikali ilitangaza kupiga marufuku waganga wapiga ramli.

Sababu za maovu hayo ni nyingi: umaskini, tamaa, migogoro ya ardhi na mirathi, udhaifu wa ulinzi wa wanyonge. Haitakuwa haki kuyaweka yote juu ya lugha. Lakini lugha imo. Ramli chonganishi ni utanzu nao, na swali lake ni moja: *nani?* Nani amemuua mtoto, nani amelifunga duara, nani amekula bahati? Kwa mfiwa, swali hilo lina mvuto kwa sababu linatoa jibu siku hiyo hiyo, tena jibu lenye sura na nyumba inayojulikana.

Tanzu hizi zinaweza basi kutofautishwa kwa maswali yake. Ushuhuda hujibu swali “Mungu ametenda nini?”. Ramli huuliza “nani?”. Maombolezo huuliza “mbona?” na “hata lini?”, na huyauliza kwa Mungu. Mfiwa anayezuiwa kuuliza “hata lini?” kanisani, kwa kuambiwa kwamba ni kukosa imani, hajapoteza swali lake. Amebaki nalo njiani, na njiani kuna mtu aliye tayari kuligeuza liwe “nani?”. Kwa maana hii, kumruhusu mfiwa amlalamikie Mungu ni namna ya kumlinda jirani. Lalamiko ambalo Mungu hulipokea halimwagi damu. Likielekezwa kwa bibi kizee anayeishi peke yake, huwa hukumu ya kifo.

7.0 Hakuokolewa, Hajafufuka

Inabaki kuonesha ni kwa namna gani maombolezo hubaki kuwa tumaini, wala si kukata tamaa kwa maneno ya dini. Hapa Kiswahili kina msaada ambao haupatikani katika kila lugha. Mnenaji wa Kiswahili hukanusha tendo lililopita kwa njia mbili. Akisema “Mungu hakujibu”, ameufunga wakati. Tendo lilitarajiwa, halikuwa, na habari yake imekwisha. Akisema “Mungu hajajibu”, ametamka ukosefu ule ule kwa ukweli ule ule, lakini ameuacha mlango wazi. Kiambishi *-ja-* hakidai kwamba jibu lipo njiani wala hakitaji siku. Kinasema tu kwamba anayesema bado anangoja.

Upo mtego katika kukitumia kiambishi hiki ovyo. Kumwambia mama ambaye mwanawe amekwisha kuzikwa kwamba “Mungu hajajibu” ombi la kuokolewa kwake ni kumdanganya. Ombi hilo lilikuwa na muda wake, na muda huo umepita. Mchimbaji wa sita wa Nyangalata hakuokolewa. Imani haina sababu ya kuikwepa *-ku-* hiyo. Injili zenyewe haziikwepi: huko Gethsemane Yesu aliomba kikombe kimwepuke, na hakikumwepuka. Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, na hakuondolewa. Ombi lililokataliwa limewekwa katikati ya Maandiko ya Kikristo, kwa mtu ambaye hakuna awezaye kumshtaki kuwa na imani ndogo.

Lakini sentensi ya “hakuokolewa” si sentensi ya mwisho ambayo Mkristo anaruhusiwa kuisema. Kando yake ipo nyingine: hajafufuka. Sentensi ya kwanza hulinda ukweli wa msiba, na ya pili hulinda ukweli wa ahadi. Anayesema ya pili bila ya kwanza humnyamazisha mfiwa. Anayesema ya kwanza bila ya pili amemsaidia kulia, lakini hakumwachia la kungojea. Tumaini la Kikristo, kama linavyoweza kusemwa kwa Kiswahili fasaha, limo katika kuzitamka zote mbili, kwa mpangilio huo, bila kuifupisha ya kwanza ili kuiwahi ya pili.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba ushuhuda ni utanzu wenye nguvu na haki yake, lakini msuko wake wa *-ka-* huwatenga wale ambao ombi lao halikufuatiwa na tendo. Zaburi ya 88 na Kitabu cha Ayubu zinatoa umbo jingine, ambamo giza hutamkwa bila kurekebishwa na uhusiano na Mungu hubaki katika nafsi ya pili. Kitereza ameonesha jinsi tanzu mbili zinavyoweza kukaa katika kazi moja, na Kezilahabi jinsi lalamiko lisilosikilizwa linavyotafuta mahakama. Aidha, imeoneshwa kwamba katika ukanda huu kunyimwa kwa maombolezo kuna madhara nje ya kanisa, pale swali la “lini?” linapogeuzwa kuwa “nani?”.

Mambo mawili yanapendekezwa. Kwanza, wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wauchunguze ushuhuda, sala za matanga na nyimbo za kwaya za Kanda ya Ziwa kama fasihi kamili, kwa vigezo vile vile vinavyotumika kwa ngano na majigambo. Pili, wanaopanga ibada katika parokia na sharika za maeneo ya migodi waweke nafasi ya maombolezo pale ilipo nafasi ya ushuhuda, na Zaburi ya 88 isomwe mpaka mwisho wake bila kuongezewa zaburi nyingine ya kuituliza. Watano waliotoka Nyangalata wanastahili “Amina” ya kanisa zima, na mama wa yule wa sita anastahili zaburi ambayo haikuharakishwa.